Anyongwe, asinyongwe: jibu kwa muuza chai wa Malindi

SWALI: Asalaam aleikum, wakili mwanangu. Mimi nauza chai na mahamri karibu na mahakama ya hapa Malindi. Siku kesi ya Shakahola ikitajwa, benchi langu hujaa, na mabishano ni yale yale: anyongwe, asinyongwe. Juzi nusura wateja wawili washikane mashati. Mmoja asema jaji akimpata mtu na hatia ya kuua, sheria yamlazimu amhukumu kifo, hana hiari. Wa pili asema kunyonga kulifutwa Kenya zamani. Mzee mwengine akaleta ya dini, kwamba wenye damu ndio wa kuulizwa. Na yupo nyanya mmoja huja kila mara, anywa chai yake kimya kisha aingia ndani. Wasema alipoteza wajukuu. Nani mkweli kati ya hawa? Na kama sheria ipo, mbona hatusikii mtu kanyongwa?

JIBU: Aleikum salaam, mama. Wateja wako wawili wamekosea wote, na yule mzee amepatia nusu. Hukumu ya kifo ipo Kenya, imeandikwa kwenye Kanuni ya Adhabu, na majaji wangali wakiitoa. Lakini kwa kosa la mauaji jaji halazimiki tena kuitoa, tangu Desemba 2017. Na anayehukumiwa haendi kitanzini. Mara ya mwisho watu kunyongwa nchini kwa amri ya mahakama ilikuwa 1987.

Kabla ya kuzungumzia kamba, tuzungumzie mafaili, maana hapo ndipo mabishano ya benchini kwako yanapoanzia vibaya. Hakuna kesi moja ya Shakahola. Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa ranchi ya Chakama, na mashtaka yaliyofuata yakagawanywa. Hapa kwetu, Mahakama Kuu ya Malindi, mhubiri Paul Mackenzie, anayedaiwa kuwahubiria wafuasi wake wafunge mpaka wafe ili waingie peponi, na wenzake walishtakiwa mapema 2024 kwa mauaji ya watoto 191. Mombasa kuna mashtaka ya kuua bila kukusudia watu 238, kuna ya ugaidi, na kuna ya kuwatesa watoto. Waliposomewa mashtaka, Mackenzie na wenzake walikana. Mimi sitasema neno juu ya nani ana hatia, hiyo ni kazi ya mahakama, na naomba wateja wako wajue kwamba mpaka mahakama iseme, mtu ni mshtakiwa tu.

Sasa angalia. Kati ya mafaili yote hayo, la mauaji ndilo lenye kifo kama adhabu ya kawaida ya kosa lake. Kuua bila kukusudia adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Kwa hivyo anayepiga meza akisema "anyongwe kwa wote mia nne" anazungumza juu ya kesi ambayo haipo.

Utauliza, mbona watoto wawe mauaji na wengine wawe kuua bila kukusudia? Wengi hudhani kuna mtu alihongwa. Sikuwamo katika ofisi iliyoandika mashtaka, lakini sheria yenyewe ina mlango huo. Mtu mzima akikubaliana na wenzake kwamba wafe pamoja, kisha mmoja akabaki hai, Kanuni ya Adhabu inamhesabu aliyebaki kuwa ameua bila kukusudia. Kumshawishi au kumsaidia mtu ajiue ni kosa la peke yake, nalo lina kifungo cha maisha. Mtoto je? Mtoto wa miaka mitano hana mapatano ya kufa aliyoyafanya na mtu. Akinyimwa chakula, amenyimwa. Na kifungu cha 206 hakitaki lazima uoneshe kwamba mtu alitamani kifo. Kinatosheka ikithibitika alijua kwamba anachokifanya yaelekea kitaua, na akaendelea, hata kama hakujali kitokee au kisitokee. Hapo ndipo uzito wa kesi ya hapa Malindi ulipo, na ndiyo maana mashahidi wa kitabibu wana maana kubwa kuliko kelele zetu sote. Mpasuaji maiti wa serikali alitangaza mwaka 2023 kwamba wengi walikufa kwa njaa, na baadhi, watoto wakiwemo, walikuwa na dalili za kukabwa, kupigwa au kuzibwa pumzi. Miili mingine ilikuwa imeoza kiasi cha kutojulikana kilichowaua. Upande wa mashtaka lazima uunganishe kila kifo na mtu, na mtu na nia. Mtoto mmoja mmoja. Mia na tisini na mmoja.

Mteja wako wa kwanza, yule wa "jaji hana hiari", yeye yuko nyuma ya wakati. Zamani alikuwa sahihi. Kifungu cha 204 kinasema aliyepatikana na hatia ya mauaji "atahukumiwa kifo", basi. Aliyemuua mume aliyempiga miaka kumi, aliyepanga mwaka mzima akaua kwa ajili ya shamba, wote mdomo wa jaji ulikuwa na neno moja tu. Wakili ulisimama ukamtetea mteja wako kabla ya adhabu, jaji akakusikiliza kwa adabu, na wote mlijua ni bure.

Ukuta huo ulipasuka mara ya kwanza hapa hapa Pwani. Julai 2010 Mahakama ya Rufaa ikiketi Mombasa ilisema kumlazimisha jaji atoe kifo katika kila kesi ya mauaji ni kinyume cha Katiba. Miaka mitatu baadaye jopo la majaji watano wa mahakama hiyo hiyo likaupindua uamuzi ule, tukarudi tulikotoka. Mwisho ni tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu, ambayo ndiyo ya mwisho nchini, katika kesi ya Francis Muruatetu, mfungwa aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji. Majaji hawakuifuta hukumu ya kifo, na nakuomba hili uwarudie wateja mara mbili, kwa sababu magazeti mengine siku ile yaliandika kana kwamba imefutwa. Walichofuta ni ulazima. Jaji sasa anamsikiliza mtu: umri wake, kama ni kosa lake la kwanza, kama alikiri, kama anajuta, kama anaweza kurekebika, kama aliua akijibu ukatili aliofanyiwa. Anaangalia pia jinsi marehemu alivyouawa na familia ilivyoathirika. Baada ya hayo anaweza kutoa miaka, au maisha, au kifo.

Mfano ulio wazi ni ule wa wakili Willie Kimani, aliyeuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Februari 2023 Mahakama Kuu Nairobi iliwahukumu watu wanne kwa mauaji hayo. Afisa wa polisi Fredrick Leliman alipewa kifo. Wengine watatu wakapewa miaka 30, 24 na 20. Kesi moja, vifo vile vile, na kila mmoja akapimiwa kwa mkono wake. Kabla ya 2017 wote wanne wangeliambiwa neno moja.

Hapa niruhusu nitoke nje ya swali lako kidogo, kwa sababu kuna watu ambao hakuna anayewabishania benchini. Julai 2021 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba uamuzi wa Muruatetu ni wa mauaji peke yake. Wizi wa mabavu haumo. Chukulia vijana wawili wamemkaba mtu usiku kwenye njia ya Silversands, wakamzaba kofi, wakamnyang'anya simu. Hawakuwa na kisu. Sheria inasema wizi ni wa mabavu ikiwa mwizi ana silaha, au yuko na mwenzake, au amempiga au kumjeruhi mtu. Lolote moja kati ya hayo latosha, na hawa wanayo mawili. Adhabu yake ni kifo, na hakimu hana hiari. Hakimu wa mahakama ya chini, si jaji wa Mahakama Kuu. Mshtakiwa wa mauaji asiye na pesa hupangiwa wakili kwa gharama ya serikali. Hawa wa simu mara nyingi husimama peke yao, wakimhoji shahidi kwa Kiswahili cha mtaani, hawajui hata waulize nini. Kwa hivyo leo aliyeua anaweza kupata miaka 20, na aliyekwapua simu bila kuua akapata kifo. Ukitaka kujua kwa nini mawakili wa jinai huonekana na hasira za bure, sababu mojawapo ni hii.

Mteja wa pili, yule wa "ilifutwa", naye kilichompotosha ni macho yake. Haoni mtu akinyongwa, akadhani sheria imetoka. Wa mwisho ni Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu, walionyongwa gereza la Kamiti mwaka 1987 kwa uhaini, baada ya jaribio la mapinduzi la 1982. Tangu hapo hukumu zimekuwa zikitoka na kamba haiguswi. Mahakama ikishamaliza, karatasi huenda kwa Rais. Yeye ndiye wa kutia sahihi mtu anyongwe, au ambadilishie adhabu, au amsamehe, na Katiba ya 2010 imempa kamati ya kumshauri juu ya msamaha. Hakuna Rais aliyetia sahihi kwa muda wote huo. Badala yake wamekuwa wakifanya kinyume: Agosti 2009 Mwai Kibaki aliwabadilishia watu zaidi ya 4,000 kwa mkupuo kutoka kifo kwenda maisha, Oktoba 2016 Uhuru Kenyatta akawabadilishia 2,747, na Julai 2023 serikali ya William Ruto ikatangaza vivyo hivyo kwa waliokuwa wamehukumiwa kufikia Novemba 2022.

Kwa hivyo mtu akihukumiwa kifo leo, kwa vitendo amehukumiwa kukaa. Wa huku kwetu huishia gereza la Shimo la Tewa au hupelekwa mbali zaidi, na hukaa bila kujua ni miaka mingapi. Hata hilo la "maisha ni miaka mingapi" limetikisika hapa Malindi. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliyokaa mji huu ilisema kifungo cha maisha kisicho na mwisho kinamvunjia mtu utu, ikampa mfungwa mmoja miaka 40 badala yake. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Maisha yamerudi kuwa maisha, mpaka Bunge litakaposema vingine.

Kwa haraka tu, maana najua kuna atakayeuliza: aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa hahukumiwi kifo, na mwanamke mjamzito hupewa maisha.

Sasa mzee wa dini. Nilisema amepatia nusu. Katika Uislamu kisasi kimewekwa mikononi mwa wenye damu, yaani jamaa wa aliyeuawa, na aya ya 178 ya Suratul Baqarah, pale pale inapotaja kisasi, inataja pia kusamehe na kulipa fidia kwa wema. Wale wanaoitaja aya hiyo ili kudai kamba wangeisoma mpaka mwisho. Lakini kwa sheria ya Kenya mahakama ya kadhi mipaka yake ni ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, kwa Waislamu waliokubali kwenda huko. Damu haimo. Kosa la mauaji ni la Jamhuri, na ndiyo maana kesi husomwa "Jamhuri dhidi ya fulani". Familia haiwezi kuiondoa, na hata Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hawezi kuiondoa bila ruhusa ya mahakama. Imewahi kutokea: mwaka 2013 Mahakama Kuu Nairobi iliruhusu kesi moja ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili za Kiislamu kupatana na fidia kulipwa. Mawakili tuliigombania sana, na mimi ni katika waliosema ilikuwa hatari, kwa sababu mlango huo ukifunguka, mwenye pesa ataua na kulipa. Haikuwa desturi ya mahakama baada ya hapo.

Na hata tungekuwa chini ya sharia, msomee mzee swali hili: wenye damu ya watoto wa Shakahola ni nani? Wapo ambao baba na mama walikufa msitu ule ule. Wapo ambao jamaa zao wa karibu ndio waliowapeleka. Mwenye kusamehe na mwenye kudai wamechanganyika katika nyumba moja.

Kwa hiyo huyo nyanya anayekunywa chai yake kimya ni muhimu kuliko wanaopiga meza, na sheria inamtambua. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inampa haki ya kujua kesi imefikia wapi na haki ya kusikilizwa. Washtakiwa wakipatikana na hatia, kabla ya adhabu kuna siku ya familia kueleza kilichowapata. Maelezo hayo huandikwa, mara nyingi kwa msaada wa afisa wa probesheni au upande wa mashtaka, na jaji huyasoma pamoja na utetezi wa mshtakiwa. Si lazima adai kamba ndipo asikizwe. Anaweza kusema alikuwa akiwalea wajukuu, kwamba alingoja majibu ya vinasaba, kwamba miili ilianza kukabidhiwa familia kwenye mochari ya Malindi Machi 2024, karibu mwaka mzima baada ya kufukuliwa kuanza. Mama, ukipata nafasi mwambie aende kwa kiongozi wa mashtaka akaandikishe jina na uhusiano wake na marehemu. Asingoje aitwe. Wengi hungoja kuitwa, na siku hiyo ikapita wao hawajui.

Hukuniuliza naonaje mimi, ila nitasema, ili asije mtu akasema wakili alijificha nyuma ya vifungu. Mimi siitaki kamba. Mahakama hukosea; nimeona hukumu zikivunjwa kwenye rufaa kwa sababu shahidi alimtambua mtu usiku bila taa, na mfungwa wa kawaida hufunguliwa akarudi kwao, ilhali aliyenyongwa harudi. Wenye kusema kamba itawatia wengine hofu, nawauliza: mtu anayeamini kufa ni kuingia peponi, kitanzi kitamtisha nini? Tena kamba hii tuliletewa na Mwingereza, aliyeitumia kuwanyonga zaidi ya Waafrika 1,000 wakati wa Mau Mau, kisha kwake akaacha kuitumia kwa mauaji tangu 1965. Sisi tumebaki tukiitunza.

Sababu inayonisumbua zaidi, hata hivyo, ni nyengine. Kamati ya Seneti iliyochunguza Shakahola ilitoa ripoti yake Oktoba 2023, ikalaumu vyombo vya usalama na vya haki kwa kulegea, ikataja kwamba mhubiri huyo alishawahi kushtakiwa miaka ya nyuma na akaachiliwa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nayo iliwanyoshea kidole maafisa wa usalama wa huku. Hayo yalisemwa mchana kweupe. Ni mara ngapi umeyasikia benchini kwako? Tukibishana juu ya shingo ya mtu mmoja, aliyepokea taarifa akaifungia kwenye droo anakunywa chai yake nasi, na huenda ndiye anayepiga kelele kubwa zaidi kwamba anyongwe.

Najua kuna wenzangu wasiokubaliana nami, na familia zilizofiwa zinazotaka kamba siwezi kuziambia zimekosea. Ninachokataa ni mtu kuahidiwa kitu ambacho mahakama haiwezi kumpa.

Wateja wako wajiandae pia kwa urefu wa safari. Kesi ya mauaji ina hatua: mashahidi wa Jamhuri, kisha jaji kuamua kama washtakiwa wana kesi ya kujibu, kisha utetezi, kisha hukumu, na adhabu mara nyingi husomwa siku nyingine kabisa. Siku ya hukumu watu watatoka wakishangilia au wakilia, na adhabu yenyewe bado haijatajwa. Ikitajwa, yeyote asiyeridhika ana siku 14 za kukata rufaa, na rufaa hiyo itakuja Mahakama ya Rufaa. Kutoka hapo kwenda Mahakama ya Juu ni mpaka kuwe na suala la Katiba au jambo linalogusa umma kwa jumla. Muruatetu na mwenzake walihukumiwa 2003, na Mahakama ya Juu ikatoa neno lake 2017.